Majani ya Vichaka vya Asili Kama Chakula cha Mifugo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mfugaji ambaye mifugo yake hujitafutia malisho, na ambaye kila kiangazi huiona ikiziacha nyasi zilizokauka na kunyoosha shingo kuelekea vichakani. Yanahusu wanyama wanaocheua: ng'ombe, kondoo, mbuzi na ngamia. Takwimu za lishe zimetolewa kwa uzito mkavu, yaani uzito unaobaki baada ya maji yote kuondoka kwenye majani, kwa sababu kiasi cha maji hutofautiana sana kati ya kichaka na kichaka, na kulinganisha majani mabichi kwa mabichi hupotosha.

Kwa nini majani ya vichaka huwa na thamani kubwa zaidi wakati wa kiangazi?

Nyasi ikishatoa mbegu, kazi yake ya mwaka imekwisha. Virutubisho vingi vilivyokuwa kwenye majani hurudi mizizini au huenda kwenye mbegu, na kinachobaki juu ya ardhi ni mabua magumu ambayo protini ghafi yake (kipimo cha maabara kinachoelezwa katika jibu linalofuata) mara nyingi hushuka hadi asilimia 3 hadi 5. Kichaka hakifuati mwendo huo. Mizizi yake hufika kwenye unyevu ambao nyasi haiufikii, na vichaka vingi hubaki na majani mabichi, au huchipua upya wiki kadhaa kabla ya mvua kunyesha. Majani hayo kwa kawaida huwa na protini ghafi ya asilimia 10 hadi 25, huku vichaka vya jamii ya mikunde vikiwa mara nyingi katika nusu ya juu ya kipimo hicho.

Hata hivyo, faida kubwa haimo katika protini inayoingia mwilini moja kwa moja. Ng'ombe au kondoo hameng'enyi nyasi kwa uwezo wake mwenyewe. Kazi hiyo hufanywa na bakteria na viumbe wengine wadogo wanaoishi katika tumbo la kwanza, ambalo wataalamu huliita rumeni. Viumbe hao wanahitaji nitrojeni ili waishi na kuzaliana. Chakula chote cha mnyama kikiwa na protini ghafi iliyo chini ya asilimia 7 hivi, wao ndio wanaoanza kufa njaa. Nyasi hukaa tumboni siku nyingi bila kuvunjwa, tumbo hubaki limejaa, na mnyama huacha kula kwa sababu hana nafasi ya kuweka kingine. Ndiyo maana mfugaji anaweza kuona mnyama mwenye tumbo kubwa na mbavu zilizochomoza kwa wakati mmoja. Majani machache ya kichaka huwaletea viumbe hao nitrojeni, nao huanza upya kuzivunja zile nyasi kavu ambazo mnyama alikuwa nazo muda wote. Atakayeelewa jambo hili ataelewa pia kwa nini majani ya vichaka hutumika vizuri zaidi kama kiongezo kuliko kama chakula kamili.

Je, majani yenye protini nyingi zaidi kwenye karatasi ya maabara ndiyo bora zaidi?

Hapana, na hapa ndipo wafugaji wengi, na hata baadhi ya washauri wao, wanapokosea.

Tuanze na kipimo chenyewe. Maabara haipimi protini bali hupima nitrojeni, kwa njia iliyobuniwa na mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, mwaka 1883, kisha huzidisha jibu kwa 6.25 kwa kudhani kwamba protini ina nitrojeni ya asilimia 16. Matokeo ya hesabu hiyo ndiyo huitwa protini ghafi. Hesabu hiyo haisemi kama nitrojeni hiyo kweli iko ndani ya protini, wala kama mnyama ataweza kuipata.

Katika majani ya vichaka, sehemu ya nitrojeni hiyo huwa imefungwa kwenye nyuzinyuzi ngumu au imeshikwa na tanini, kemikali za mimea zitakazoelezwa katika jibu linalofuata, ikapita tumboni na kutoka kwenye kinyesi kama ilivyoingia. Mfano unaojulikana sana ni mulga, mkakaya wa Australia ambao jina lake la kisayansi ni Acacia aneura. Majani yake yana protini ghafi inayozidi asilimia 10, tena hupatikana hata ukame ukiwa mkali, na kwa vizazi vingi wafugaji wa huko wameyakatia kondoo ili wasife. Kondoo hao huishi, lakini hawanenepi, kwa kuwa tanini huizuia sehemu kubwa ya protini ile isitumike. Watafiti walipowapa kondoo waliokula mulga polietilini glaikoli, kemikali inayojishikiza kwenye tanini na kuiacha protini huru, ulaji uliongezeka. Protini ilikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni njia ya kuifikia.

Kwa hiyo, ukilazimika kuchagua kati ya kichaka chenye protini ghafi ya asilimia 22 ambacho mifugo hukionja na kukiacha, na kingine chenye asilimia 13 ambacho hukila hadi vijiti, chagua cha pili bila kusita.

Tanini ni kitu gani, na je, ni mbaya wakati wote?

Tanini ni kemikali ambazo mimea hutengeneza, pamoja na mambo mengine, ili kujikinga na walao majani. Ndizo zinazofanya ulimi ukauke na kukakamaa mtu anapotafuna ganda la mti fulani au tunda bichi, na ndizo zinazotumika kugeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu. Sababu ni moja katika hali zote hizo: tanini hushikana na protini. Mdomoni hushikana na protini za mate. Tumboni hushikana na protini za chakula na vimeng'enyo.

Madhara au manufaa yake hutegemea kiasi. Tanini za aina inayoitwa tanini zilizoshikana, zikiwa kati ya asilimia 2 na 4 ya uzito mkavu wa chakula chote, zinaweza kuwa msaada wa kweli. Hushikilia protini ya majani ili isiharibiwe yote na bakteria wa rumeni, kisha kuiachia mbele zaidi, mahali penye asidi kali, ambako mnyama mwenyewe huifaidi. Hupunguza hatari ya tumbo kujaa gesi kwa mifugo inayokula mikunde mibichi. Kuna pia ushahidi mzuri, hasa kutokana na mmea uitwao Lespedeza cuneata, kwamba mbuzi wanaokula majani yenye tanini hutoa mayai machache zaidi ya minyoo ya tumbo aina ya Haemonchus contortus, ile inayonyonya damu na kuacha utando wa macho ukiwa mweupe.

Tanini zikizidi asilimia 5 au 6, mambo hugeuka. Mnyama hula kidogo, umeng'enyaji hushuka, na ukuaji husimama. Katika miaka ya 1980 nchini Afrika Kusini, tandala wakubwa waliofungiwa ndani ya uzio wa ranchi walikufa kwa wingi majira ya baridi kavu, matumbo yao yakiwa yamejaa majani. Mtafiti Wouter van Hoven wa Chuo Kikuu cha Pretoria alivihusisha vifo hivyo na tanini za migunga: wanyama walikuwa wengi mno, uzio uliwanyima nafasi ya kuhamia vichaka vingine, wakalazimika kurudia miti ileile. Naona tukio hilo linamhusu mfugaji moja kwa moja. Mla majani hujilinda kwa kuonja hapa na pale na kuendelea na safari, na anayemfungia mahali penye aina moja tu ya kichaka humnyang'anya kinga hiyo.

Ninawezaje kutambua tanini nyingi bila maabara?

Huwezi kupata kipimo, lakini unaweza kupata dalili. Twanga konzi ya majani, yaloweke katika maji kidogo pamoja na msumari wenye kutu, uyaache hadi kesho yake. Maji yakigeuka meusi au bluu iliyokoza kama wino, majani hayo yana tanini au jamaa zake kwa wingi, kwa kuwa kemikali hizo hukutana na chuma zikatoa rangi hiyo. Wino wa kuandikia wa zamani ulitengenezwa kwa njia hiyohiyo. Jaribio hili halikuambii ni tanini za aina gani wala zitamdhuru mnyama kiasi gani. Usijaribu kuyatafuna majani wewe mwenyewe ikiwa huufahamu mmea.

Dalili nyingine iko kwenye kinyesi. Mbuzi au kondoo aliyezidiwa na majani makali hutoa punje kavu, ndogo na ngumu kuliko kawaida, na huonekana kusimama karibu na chakula bila hamu ya kukila.

Mnyama apewe majani kiasi gani?

Kwa mifugo mingi, majani ya vichaka yakiwa asilimia 20 hadi 30 ya chakula chote cha siku kwa uzito mkavu, faida hupatikana bila hatari kubwa. Tuitazame hesabu kwa mbuzi mmoja wa kilo 30.

Mbuzi huyo hula takribani asilimia 3 ya uzito wake, yaani gramu 900 za chakula kikavu kwa siku. Akila nyasi za kiangazi peke yake, zenye protini ghafi ya asilimia 5, atapata gramu 45 tu za protini ghafi, na chakula chake kitakuwa chini ya ile asilimia 7 ambayo rumeni inahitaji. Sasa badilisha gramu 270 za nyasi hizo, ambazo ni asilimia 30, kwa majani ya kichaka yenye protini ghafi ya asilimia 18. Nyasi zilizobaki, gramu 630, zitampa gramu 31 na nusu, na majani yatampa karibu gramu 49, jumla gramu 80. Chakula chote kitakuwa na karibu asilimia 9 ya protini ghafi, na rumeni itafanya kazi.

Gramu 270 kavu si gramu 270 unazozipima zikiwa mbichi. Ili kujua kiwango cha majani yako, pima gramu 100 za majani mabichi, yaanike kivulini, kisha uyapime kila siku hadi uzito usibadilike tena. Yatabaki na unyevu kidogo, lakini kwa matumizi ya zizini kipimo hicho kinatosha. Yakibaki gramu 35, basi mbuzi wetu anahitaji takribani gramu 770 za majani mabichi kwa siku, bila kuhesabu matawi na miiba ambayo hataila.

Anza na kiasi kidogo, robo ya lengo lako, na uongeze taratibu kwa muda wa wiki mbili. Bakteria wa rumeni huhitaji muda huo kubadilika kufuatana na chakula kipya, na mnyama mwenyewe huhitaji kujifunza.

Mnyama anajifunzaje kula kichaka? Je, hilo si la kuzaliwa nalo?

Sehemu fulani ni ya kuzaliwa nayo, lakini sehemu kubwa hufundishwa. Mwanambuzi humfuata mama yake na kuweka mdomo mahali alipouweka mama. Kile anachokionja pamoja naye katika miezi ya mwanzo atakipenda akiwa mkubwa, na mnyama aliyekulia zizini akalishwa hori tu anaweza kusimama katikati ya vichaka vizuri akalia njaa.

Mnyama pia hujifunza kutokana na matokeo ya kile alichokula. Fred Provenza wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, nchini Marekani, alichunguza mbuzi waliolishwa kwenye kichaka cha jangwani kiitwacho Coleogyne ramosissima. Machipukizi mapya ya kichaka hicho yana nitrojeni nyingi kuliko vijiti vya mwaka uliopita, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasi mbuzi walipaswa kuyafuata. Badala yake waliyakwepa na kula vijiti vikongwe, kwa sababu machipukizi yale yalijaa tanini na mbuzi walikuwa wamekwisha kuonja adhabu yake. Kwa mtu anayetaka kujua thamani ya vichaka vyake, saa mbili za kumfuata mbuzi mzoefu na kuandika kila anachokila na kila anachokikataa zina faida kubwa mno, na hazigharimu chochote.

Kwa nini mbuzi hustawi kwa kichaka ambacho ng'ombe hukikataa?

Mtazame mbuzi kwa karibu anapokula mgunga. Mdomo wake wa juu ni mwembamba na unatembea. Huupenyeza kati ya mwiba na mwiba, huvuta kijani kimoja, kisha huhamia kingine, pengine akisimama kwa miguu ya nyuma. Ng'ombe hukusanya chakula kwa ulimi mpana unaozoa fungu zima, njia inayofaa nyasi ndefu lakini haifai miiba. Kondoo yuko katikati, ingawa hupendelea chini kuliko juu. Ngamia ana mdomo wa juu uliopasuka na wenye kutembea, na urefu wake humfikisha kwenye majani ambayo wengine hawayapati.

Tofauti haiishii mdomoni. Wanyama waliozoea majani huwa na mate yenye protini maalumu zinazoishika tanini kabla haijakifikia chakula, na kwa ujumla ini lao huhimili zaidi kemikali za mimea. Ndiyo sababu mbuzi anaweza kujipatia nusu ya chakula chake au zaidi kutoka vichakani, wakati kwa ng'ombe ni busara kuyahesabu majani kama nyongeza ya nyasi tu.

Vipi kuhusu nguvu? Kila mtu huzungumzia protini.

Swali hili lingestahili kuulizwa mara nyingi zaidi. Majani ya vichaka mengi humeng'enywa kwa kiwango cha asilimia 45 hadi 65, na hayana wanga wa kutosha kumlisha mnyama anayekamuliwa maziwa mengi au anayenenepeshwa. Mfugaji aliyekwisha kurekebisha upungufu wa protini na bado haoni maziwa yakiongezeka, mara nyingi tatizo lake limehamia kwenye nguvu. Hapo pumba, molasesi au maganda matamu ya migunga yatasaidia kuliko mzigo mwingine wa majani.

Majani ya vichaka yanatoa madini ya kutosha?

Kalsiamu, ndiyo, na kwa wingi. Asilimia 1 hadi 2 ni jambo la kawaida. Fosforasi, mara nyingi hapana. Majani mengi yana fosforasi ya asilimia 0.1 hadi 0.2 tu, hasa pale udongo wenyewe unapokuwa na upungufu, na hivyo uwiano wa kalsiamu kwa fosforasi unaweza kufika 10 kwa 1, ilhali uwiano unaopendekezwa ni 1 au 2 kwa 1. Wanyama wanaocheua huvumilia uwiano mpana, lakini kwa sharti kwamba fosforasi yenyewe isikosekane.

Upungufu wa fosforasi hauna dalili ya haraka. Huja kama mimba zisizoshika kwa wakati, ndama wadogo na mwendo wa kuchechemea, kisha mnyama huanza kutafuna mifupa, mawe na vitambaa. Mapema katika karne ya 20, Arnold Theiler, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Onderstepoort nchini Afrika Kusini, alionyesha kwamba ng'ombe waliokuwa wakipooza na kufa kwa ugonjwa uliokuwa umewashinda watu walikuwa wakipata sumu kutoka kwenye mifupa ya mizoga waliyoitafuna, na kwamba waliitafuna kwa sababu malisho yao hayakuwa na fosforasi. Ukiona mnyama wako anatafuna mfupa, usimfukuze ukaishia hapo. Zika au choma mizoga yote, kisha weka chumvi ya kulamba iliyochanganywa na dikalsiamu fosfati, madini yenye kalsiamu na fosforasi.

Chumvi ya kawaida pia hupungua katika majani mengi. Vichaka vya chumvi vya jamii ya Atriplex viko kinyume kabisa: majivu yao, ambayo kwa kiasi kikubwa ni chumvi, yanaweza kuwa robo ya uzito mkavu, na mnyama anayevila hunywa maji mengi kupita kawaida. Pasipo na maji mengi na safi karibu, usitegemee vichaka hivyo. Aidha, protini ghafi yao huonekana kubwa kuliko ilivyo, kwa kuwa sehemu ya nitrojeni yake haiko ndani ya protini halisi.

Na vitamini?

Vitamini A ndiyo ya kuangaliwa. Mnyama huitengeneza kutokana na karotini iliyo kwenye majani mabichi na kuihifadhi kwenye ini, lakini baada ya miezi mingi ya nyasi zilizopauka akiba hiyo huisha, na mnyama hushindwa kuona wakati wa magharibi au huzaa watoto dhaifu. Kichaka kinachobaki kijani huzuia hali hiyo hata kwa kiasi kidogo.

Majani yakatwe yakiwa machanga au yaliyokomaa?

Majani machanga yana protini nyingi na nyuzinyuzi chache. Kadiri yanavyozeeka, lignini, kitu kinachoufanya mmea uwe mgumu kama ubao, huongezeka, nayo haivunjwi na viumbe wa rumeni. Kwa sababu hiyo wengi hukimbilia machipukizi. Mimi napendekeza majani yaliyokwisha kutanuka na kukolea rangi lakini ambayo bado hujikunja bila kukatika, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba katika baadhi ya mimea, machipukizi ndiyo yenye sumu au tanini kali zaidi, kama ilivyokuwa kwa mbuzi wa Utah. Ya pili inahusu kichaka chenyewe: kinapochipua mwishoni mwa kiangazi kinatumia akiba yake ya mwisho iliyo mizizini, na kukivua majani wakati huo ni kukidhoofisha kuliko wakati mwingine wowote.

Kwa ukataji, acha angalau nusu ya majani na matawi ya mwaka huo, kata kwa kifaa kikali badala ya kurarua, na uache shina la nusu mita hadi mita moja. Kisha kipe kichaka muda wa kurudisha majani kabla ya kukirudia. Mahali pakavu muda huo unaweza kuwa msimu mzima. Mbuzi wakianza kuchuna magome, waondoe siku hiyohiyo, kwa kuwa kichaka kilichochunwa gome pande zote hakiponi.

Je, kukausha majani kunapunguza ubora?

Kukausha kivulini hupunguza karotini kiasi, na huharibu kidogo sana protini. Hatari kubwa ni kupoteza majani yenyewe, kwani majani makavu hupukutika na mfugaji akabaki na fungu la vijiti. Tandaza matawi juu ya turubai au sakafu safi, yageuze kwa upole, yapukute yakikauka, na uyahifadhi kwenye magunia mahali pasipo na unyevu. Jua kali hupausha majani na kuua karotini. Moto mkali hufanya protini ishikane na nyuzinyuzi. Kwa baadhi ya vichaka kukausha huleta faida, kwani kiasi cha tanini zinazoweza kufanya madhara hupungua, na mnyama aliyekataa majani mabichi hukubali yaliyokauka. Kuloweka katika maji ya majivu ya kuni kumeonyesha pia kupunguza tanini.

Mmea ukiwa wa asili, si ndiyo kusema ni salama?

La. Neno asili linaeleza mahali mmea unapotoka, halielezi unachofanya tumboni. Kusini-magharibi mwa Australia kuna vichaka vya asili vya jamii ya Gastrolobium vyenye fluoroasetati, sumu inayousimamisha moyo. Wanyamapori wa eneo hilo, walioishi navyo kwa vizazi visivyohesabika, huistahimili kwa kiwango cha kushangaza. Kondoo na ng'ombe walioletwa kutoka kwingine hufa. Sumu hiyohiyo iko kwenye Dichapetalum cymosum ya kusini mwa Afrika.

Sumu nyingine ya kuangaliwa ni sianidi. Baadhi ya migunga na vichaka vingine huhifadhi kemikali ambayo hutoa sianidi jani linapopondwa, linaponyauka au linapotafunwa. Mnyama aliyekula nyingi huhema kwa kasi, huyumba na kuanguka ndani ya dakika chache, na damu yake huwa nyekundu kupita kiasi. Daktari wa mifugo ana dawa, ikiwemo thaiosulfeti ya sodiamu, lakini muda ni mfupi mno, hivyo kinga ndiyo tegemeo: usiwapeleke wanyama wenye njaa kali kwenye kichaka usichokijua, wala usiwape matawi yaliyonyauka nusu.

Mlusina, yaani Leucaena leucocephala, unatoa mfano wa namna nyingine. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na majani yake yana protini ghafi inayozidi asilimia 20, lakini yana pia mimosini, ambayo ikiliwa kwa wingi huangusha manyoya na kuvimbisha tezi ya shingo. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aligundua kwamba mbuzi wa Hawaii walikula mlusina bila kudhurika, kwa sababu rumeni zao zilikuwa na bakteria wanaoivunja sumu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bakteria hao walipelekwa Australia na kuwekwa kwenye mifugo ya huko, nao wakafanya kazi. Mwaka 1992 walipewa jina la Synergistes jonesii, kwa heshima yake.

Maganda na mbegu za migunga zihesabiwe pamoja na majani?

Zihesabiwe peke yake. Maganda yana sukari na hivyo nguvu zaidi, na mifugo huyafuata yanapoanguka. Mbegu ndizo zenye protini nyingi, lakini ni ngumu, na nyingi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa nzima. Yatwange au yasage maganda kabla ya kuyatoa. Utafaidi protini hiyo, na hutasambaza mbegu kwenye kila zizi.

Nikitaka kupima majani yangu maabara, nipeleke nini na niombe nini?

Peleka kile anachokula mnyama, si kile kinachoonekana kwa macho yako. Mfuate, na chuma kwa mkono sehemu ileile anayoichuma: kama anachukua majani na ncha laini ya kijiti, chukua hivyo. Changanya majani ya vichaka visivyopungua kumi vya aina moja, jumla ya nusu kilo mbichi, yakaushe kivulini, na uyatie kwenye mfuko wa karatasi ulioandikwa jina la mmea, tarehe, na hali ya jani, kama ni changa au limekomaa. Plastiki huleta ukungu. Ukitumia tanuri la kukaushia, joto lisizidi nyuzi 60 za Selsiasi.

Omba kipimo cha protini ghafi, nyuzinyuzi pamoja na lignini, kalsiamu na fosforasi, na uombe hasa kipimo cha umeng'enyaji kwa kutumia maji ya rumeni. Maabara inayoweza kupima gesi inayotolewa na sampuli hiyo mara mbili, mara ya kwanza bila polietilini glaikoli na mara ya pili ikiwa nayo, itakupa jibu ambalo kipimo cha protini peke yake hakiwezi kukupa: gesi ni dalili kwamba viumbe wa rumeni wanakivunja chakula, hivyo ikiongezeka sana mara ya pili, tanini ndizo zinazokizuia chakula, na majani hayo yatahitaji kukaushwa, kuchanganywa na mengine, au kutolewa kwa uchache. Isipoongezeka, na bado mnyama hanenepi, rudi kwenye lignini na fosforasi.